SIFURI NAYO NI HABARI: ZAMU YA KUHESABU NDEGE KANDO YA NYABARONGO

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri tulipofika kwenye tuta la udongo linalotenganisha mashamba ya mahindi na kinamasi cha mto Nyabarongo, si mbali na Kigali. Juu ya vilima taa za mji zilikuwa bado zinawaka. Huku bondeni ukungu ulikuwa umeyalalia mafunjo, na vyura walikuwa hawajanyamaza. Mbele yetu alisimama mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amevaa koti la mvua lililopauka, darubini shingoni na daftari mkononi. Kwa muda wa dakika tano hakutamka neno wala hakusogeza mguu. Mtu asiyemjua angemdhania kuwa ni mlinzi wa ghala.

Naam, alikuwa mlinzi. Ila alichokilinda hakikuwa na ukuta wala kufuli. Alikuwa akihesabu ndege.

Tulikwenda huko kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mwenzetu mmoja wa polisi, nasi hatukuwa na jibu lake. Alituuliza: "Hivi hawa watu wanaosimama kando ya maji na darubini, wanatafuta nini? Ikijulikana idadi ya ndege, raia anapata faida gani?" Swali hilo ni la haki, hasa likitoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kulinda raia na mali zao. Tukaona si vyema kulijibu tukiwa tumeketi mezani. Tukamchukua dereva wetu, koplo mmoja kijana anayesifiwa kambini kwa shabaha, tukaenda kujionea.

KAZI ISIYO MBALI NA LINDO

Jambo la kwanza alilotufundisha mzee yule lilikuwa kusubiri. "Mkifika mahali, msianze kuhesabu papo hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Mmeingia kwa kishindo, na wenye nyumba wamejificha. Waacheni kwanza wawasahau." Askari yeyote aliyewahi kulala mavizio ataitambua kanuni hiyo bila kufafanuliwa.

Baada ya utulivu huo ndipo hesabu huanza, nayo huenda kwa saa. Kwa dakika kumi, mwenye zamu huandika kila ndege anayemwona au kumsikia katika eneo lililowekewa mpaka: ni wa aina gani, ni wangapi, yuko umbali gani, na kama anaruka, anaelekea upande upi. Huandika pia saa, hali ya mawingu, upepo na mvua. Dakika kumi zikiisha hufunga daftari na kwenda kituo kinachofuata. Vituo huachiwa nafasi ya kutosha baina yake ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Mwezi unaofuata hurudi katika vituo vile vile, kwa saa zile zile, na kwa utaratibu ule ule. Kama mwezi huu umehesabu alfajiri na mwezi ujao ukahesabu adhuhuri, wakati ndege wengi wamejipumzisha kivulini, tofauti utakayoipata itakuwa ni ya saa yako, wala si ya ndege.

Katika mafunjo, sikio hufanya kazi kubwa kuliko jicho. Yuko ndege mmoja wa jamii ya tiva ambaye hakai popote ila ndani ya mafunjo. Mgongo wake ni mweusi, kifua chake chekundu, na utosi wake una rangi ya manjano iliyofifia. Pamoja na uzuri wote huo, mtu anaweza kupita karibu naye asimwone. Hujulikana kwa wito wake, ambao dume na jike huupokezana kwa haraka hata mgeni akadhani ni ndege mmoja tu. Hapo asiyejua huandika mmoja, na anayejua huandika wawili.

Makundi makubwa nayo yana mbinu yake. Huhesabiwa ndege kumi kwanza. Jicho likishapima ukubwa wa kumi hao, huangaliwa kundi zima lina mafungu mangapi ya namna hiyo, kama sajini anavyokadiria kikosi kwa safu. Sisi tulijaribu kuhesabu kundi la yangeyange lililopita juu ya mikalitusi, tukatangaza kwa majivuno kwamba walikuwa 31. Mzee alikuwa ameandika 22. Tulikuwa tumewahesabu walipokuja, kisha tukawahesabu tena tisa kati yao walipozunguka na kurudi. Hakutucheka. Alisema tu kwamba kosa hilo kila mgeni hulifanya mara moja, na kwamba ubaya wake ni kuwa linafurahisha, kwa kuwa kila mtu hupenda idadi kubwa.

KITUO CHA SITA

Jua lilikuwa limekwisha toka tulipofika kituo cha sita, mahali ambapo mafunjo yanaacha uwazi wenye nyasi fupi na maji ya kifundoni. Mzee alitufungulia kurasa za nyuma za daftari lake. Katika ziara tatu zilizopita palikuwa pameandikwa jambo moja: korongo taji wawili, dume na jike. Ndiye ndege ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, mwenye kimo cha mita moja hivi na taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Ndiye pia aliyemo katika bendera ya jirani zetu wa Uganda.

Tulisubiri. Tukahesabu dakika kumi. Hakutokea korongo, wala hatukusikia mlio wake.

Koplo wetu, ambaye sasa alikuwa ameachiwa kalamu, akainua uso. "Mzee, niandike wawili? Wapo tu humo ndani, nyasi ni ndefu."

"Umewaona?"

"Sijawaona."

"Umewasikia?"

"Hapana, mzee."

"Basi andika sifuri, mwanangu. Sifuri nayo ni habari."

Koplo akasita. Kisha akasema neno ambalo limetukaa moyoni mpaka leo: "Lakini tukiandika sifuri, si wakubwa watadhani hatukufanya kazi?"

Ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu tuliokwisha kuogopa sifuri ya namna hiyo? Sisi wenyewe hatuwezi kujitoa. Tulipokuwa chuoni katika mafunzo ya ukadeti, usiku mmoja wa mvua kubwa tulipewa zamu ya kuzunguka ua. Pande tatu tulizizunguka. Upande wa nne ulikuwa wa matope na giza, tukarudi kibandani, tukaandika katika kitabu cha zamu: "Hali ni shwari." Asubuhi waya wa upande ule ulikutwa umekatwa na maturubai mawili hayapo. Mali iliyopotea haikuwa kubwa, na adhabu tuliyopewa tuliistahili. Lakini kilichotuumiza zaidi ni kwamba kwa saa nyingi wakubwa wetu walilala usingizi wakitegemea neno letu, na neno lenyewe halikuwa na macho nyuma yake.

TAA ZILIPOPUNGUA NGUVU

Huenda msomaji akasema kwamba ua wa kambi ni jambo moja, na kinamasi ni jambo jingine. Hebu basi na tupande kaskazini mpaka Rugezi, katika wilaya za Burera na Gicumbi.

Rugezi ni kinamasi cha milimani chenye hekta zipatazo 6,735. Maji yake huchujika polepole kama katika sponji, kisha huingia ziwa Burera. Kutoka Burera maji hushuka kuelekea ziwa Ruhondo, na katika mteremko huo umejengwa mtambo wa umeme wa Ntaruka, ambao ni miongoni mwa mitambo ya kale ya umeme nchini Rwanda. Kwa miaka mingi sehemu za Rugezi zilichimbwa mifereji ili maji yatoke na watu wapate kulima. Sponji ikakamuliwa. Ilipoongezeka uhaba wa mvua pamoja na matumizi ya maji yaliyozidi kiasi, kina cha ziwa Burera kikashuka, na Ntaruka ikapungukiwa nguvu. Kati ya mwaka 2003 na 2004 nchi iliingia katika shida ya umeme. Serikali ikalazimika kutegemea jenereta za mafuta kwa gharama kubwa, na bei ya umeme ikapanda kwa wananchi.

Hatua zikachukuliwa. Kilimo kikaondolewa katika kinamasi, kingo zikapandwa miti na nyasi za kuzuia udongo, na mwaka 2005 Rugezi ikaandikishwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar huko Irani kwa ajili ya kulinda maeneo ya majimaji yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yakarudi taratibu.

Katika Rugezi yuko ndege mdogo wa rangi ya kahawia, mwimbaji wa matete, anayeitwa kwa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya ndege katika nchi za maziwa makuu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege huyo haishi ila katika vinamasi vya milimani vya sehemu hizi zetu za Afrika. Kinamasi kikikauka, hana pa kwenda. Hii ndiyo maana ya kumhesabu. Yeye hana mtambo wala bei ya umeme, lakini makazi yake na chanzo cha umeme wetu ni kitu kimoja. Anapopungua mwaka hata mwaka katika daftari la mtu mwaminifu, ni kama mlinzi aliyepiga filimbi kabla moto haujafika ghalani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa nao sharti kwanza uonwe na mtu.

NDEGE 487

Tumrudie umusambi. Mwaka 2012 korongo huyu aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Katika Rwanda maadui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni kupungua kwa vinamasi. Wa pili ni uzuri wake mwenyewe: watu walimkamata akiwa kinda, wakamkata mbawa au kumvunja, wakamfuga katika bustani za nyumba na za hoteli kama pambo la heshima. Na kwa kuwa katika kifungo hicho hazai kwa urahisi, kila pambo lililokufa lilitafutiwa jingine porini.

Kuanzia mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, ambaye alianzisha chama cha uhifadhi wa wanyamapori cha Rwanda, alishirikiana na mamlaka za serikali katika kazi ya kuwatafuta korongo waliofungwa. Wenzetu wa polisi na wautazame kwa makini utaratibu uliotumika. Haikuanzwa na msako. Ilitangazwa redioni kwamba mwenye korongo ajiandikishe bila kuogopa kushtakiwa. Watu wakajitokeza. Kila ndege akapimwa afya na kuvishwa pete mguuni, ili ijulikane kwamba huyu ni wa zamani, na yeyote atakayeonekana baadaye bila pete ijulikane kwamba amekamatwa upya. Ukweli ulipatikana kwa sababu hofu iliondolewa kwanza.

Korongo zaidi ya 200 walitolewa katika kifungo hicho. Wale walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakazoezwa maisha ya porini na kuachiliwa. Wale ambao mbawa zao zilikuwa zimeharibika kabisa walipewa makazi ya kudumu hapa Kigali, katika kijiji cha Umusambi, ambako kinamasi cha hekta 21 kimefufuliwa kwa ajili yao. Kwenda kuwatazama ni jambo la huzuni na la faraja kwa pamoja: wanatembea kwa mwendo wa kifalme, wanacheza ngoma yao wakiinua mabawa, ila hawapai.

Lakini nchi isingejua kama juhudi hizo zimefaa bila kuhesabu. Mwaka 2017 ilifanyika hesabu ya nchi nzima, kwa ndege ya angani na kwa watu waliotembea vinamasini. Walipatikana korongo 487. Idadi hiyo haikumfurahisha mtu. Angekuwapo aliyetaka kuipamba, angeweza kuongeza mia mbili kwa hoja ile ile ya koplo wetu: "Wapo tu, nyasi ni ndefu." Hakuna aliyeipamba. Ikaandikwa 487, ikatangazwa, na kazi ikaendelea. Mwaka 2021 walihesabiwa 881, na katika miaka iliyofuata wakazidi 1,000. Leo tunaweza kuiamini furaha ya elfu moja kwa sababu tuliukubali uchungu wa mia nne themanini na saba.

MPITA NJIA NA MWENYEJI

Kazi hii haifanywi Rwanda peke yake. Tangu mwaka 1967 kumekuwa na hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, ambayo hufanyika kila Januari katika nchi nyingi kwa kipindi kimoja, ili ndege anayehama asije akahesabiwa huku na kule.

Na mahali ambapo kazi hii huwa ngumu na ya lazima zaidi ni katika nchi kame, ambako mto ni uzi mmoja wa kijani katikati ya mchanga. Mfano ni Turkwel na Kerio huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Katika nchi kama hizo ndege wa maili nyingi hukusanyika kwenye ukanda mwembamba wa miti kando ya maji. Ukiukata ukanda huo kwa kuni na makaa, hujawahamisha ndege kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Umewanyang'anya nyumba pekee waliyo nayo.

Huko kusini-magharibi mwa Marekani, katika majimbo ya jangwa kama Arizona, yuko ndege mdogo mla wadudu anayejenga kiota katika vichaka vizito vya kando ya mito. Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ilimtangaza kuwa yu hatarini kutoweka. Wanaomhesabu hupita mtoni alfajiri wakipiga sauti yake iliyorekodiwa, kisha husikiliza kama kuna atakayejibu. Nao hawaendi mara moja. Hurudi mara kadhaa kati ya Mei na Julai. Sababu yake ni kwamba mwezi Mei ndege wa jamii yake wanaosafiri kuelekea kaskazini hupita hapo na huweza kujibu wito. Anayejibu hata mwishoni mwa Juni na baada yake, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa ni mkazi. Polisi wa kituoni anajua tofauti hii. Kumwona mtu mtaani mara moja si kujua anapokaa. Kumtenga mpita njia na mwenyeji kunataka subira na kurudi mara nyingi.

KANALI ALIYEDANGANYA

Sasa tumtaje askari mmoja ambaye jina lake liwe onyo kwetu. Richard Meinertzhagen alikuwa ofisa Mwingereza aliyetumikia katika kikosi cha King's African Rifles huko Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Wananandi wanamkumbuka vyema, kwani mwaka 1905 ndiye aliyemwua kiongozi wao Koitalel arap Samoei katika mkutano ulioitwa kwa jina la mapatano. Baadaye alipanda hadi cheo cha kanali, na kwa miaka mingi aliheshimiwa ulimwenguni kuwa bingwa wa elimu ya ndege. Alipeleka katika jumba la makumbusho la taifa lake mkusanyo mkubwa wa ndege waliokaushwa, kila mmoja akiwa na kibandiko cha tarehe na mahali.

Alifariki mwaka 1967. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuchunguza mkusanyo huo, wakagundua kwamba vielelezo vingi alikuwa ameviiba katika mikusanyo ya watu wengine, akaviandikia tarehe na mahali pa uongo ili sifa iwe yake. Miongoni mwao alikuwamo bundi mdogo wa misitu ya India. Kanali aliandika kwamba alimpata huko Gujarat mwaka 1914, na kwa neno hilo bundi yule akadhaniwa kuwa ni mkazi wa mahali ambapo kanali hakumpata kabisa. Mtaalamu wa kike kutoka Marekani, Pamela Rasmussen, alipoitupa taarifa hiyo ya uongo na kufuata zile za kweli tu, yeye na wenzake walimkuta bundi huyo akiwa hai mwezi Novemba 1997, katika jimbo la Maharashtra. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 110 tangu aonekane kwa uhakika mara ya mwisho, mwaka 1884.

Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili. Lakini wanaomfuata mwongo huweza kutembea mwendo mrefu kabla ya kutambua. Taarifa ya uongo iliyoandikwa na mtu mwenye cheo ni ya hatari kuliko ukimya, kwa sababu ukimya huwaacha watu waendelee kutafuta, hali uongo huwapeleka upande usio wao.

TULICHOAMBIWA NA SIFURI

Tulirudi bondeni baada ya siku kumi na mbili. Mzee alitupokea kwa uso usio na furaha. Sifuri ya kituo cha sita ilikuwa imemfanya arudi mapema kuliko kawaida yake, pamoja na vijana wawili wa kijiji. Safari hii hawakuishia tutani, waliingia majini. Hatua mia moja na kitu ndani ya mafunjo walikuta njia mpya imefyekwa na wakata matete, na nyayo za mbwa katika matope. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na kiota cha korongo, tuta pana la nyasi zilizolazwa, na ndani yake yai moja lililopoa.

Korongo taji hutaga mayai mawili au matatu, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa zamu kwa muda wa karibu mwezi mzima. Wakisumbuliwa mno, huliacha lindo. Hapakuwa na mhalifu mkubwa wa kumfunga pingu. Walikuwa ni wanawake wa kijiji wenye kutafuta matete ya kusukia mikeka, na mbwa aliyewafuata. Mzee alizungumza nao pamoja na viongozi wa kijiji. Walikubaliana kwamba upande ule usikatwe mpaka msimu wa kuatamia uishe, na kwamba matete yakatwe upande wa juu, penye ardhi ngumu. Hakuna aliyegombezwa. Walisema hawakujua kama kuna ndege.

Je, kama koplo wetu angaliandika "wawili" siku ile? Mzee angeridhika, angeondoka zake, na njia ile ingezidi kupanuka mpaka pasibaki pa kutagia hata msimu ujao. Idadi ya uongo ingekuwa imemtuliza mlinzi wakati adui yu ndani ya ua.

Sasa tunaweza kumjibu yule mwenzetu wa polisi. Watu wanaosimama kando ya maji na darubini wanafanya kazi yetu, bila bunduki na bila cheo. Sisi nasi tunaweza kuwasaidia bila kuacha zamu zetu. Doria zetu hupita kando ya Nyabarongo, Akanyaru na Akagera saa ambazo raia wengi wamelala. Wenzetu waliowahi kulinda amani Sudan Kusini wamekesha kando ya mto Nile na kuona makundi ya ndege ambayo wataalamu wangetamani kuyaona. Askari akimwona korongo mwenye pete mguuni, na aandike mahali, saa na rangi ya pete, na kupeleka habari hiyo kwa wahusika. Akimwona korongo amefungwa uani mwa mtu, asipite kama hakuona. Akikuta moto au mfereji mpya katika kile ambacho Wanyarwanda hukiita igishanga, asiseme hilo si la idara yake. Na lolote atakaloliandika, aliandike kama alivyoliona, hata kama ni sifuri.

Siku ile ya pili tulizunguka tena vituo vyote. Koplo ndiye aliyeshika daftari tangu mwanzo, na hakuna aliyemwamuru. Kwenye kituo cha sita alisimama dakika tano za ukimya na dakika kumi za hesabu, akatazama uwazi ule wa nyasi mpaka saa ilipotimia. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama za kitabu cha zamu: "Korongo taji: 0." Akatia saa, akatia hali ya mawingu, akaweka sahihi yake.

Mzee alilipokea daftari, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwezi ujao tutarudi," alisema. Nasi tumekwisha mwomba ruhusa mkuu wetu.